Mafuta ya Nazi kwenye Miguu ya Transista

Tangu nikabidhi ufunguo wa karakana sijapata kukaa kitako nikamaliza kikombe kimoja cha chai. Juzi nilifungua redio ya mkwe wangu isiyo na ubaya wowote, nikaipangusa vumbi ndani, nikaifunga. Jana nikaona ameificha. Ninyi mlionirithi meza ile pale mtaa wa Barani, Malindi, ndio mlioniambia niandike habari za kazi yetu ilivyokuwa zamani, labda mikono itatulia. Haya, naandika. Sitawaeleza nani alipandishwa cheo na lini, maana kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, fundi, na chini yake asiye fundi. Mshahara nao nauacha hapo ulipo. Haukuwa na hadithi ndefu.

Nilishuka Malindi kutoka Ganze miaka ya themanini, mwanamke mzima wa kujitafutia, na cheti cha chuo cha ufundi cha kwetu nimekikunja ndani ya leso. Wenzangu wa kike pale chuoni walishona. Mimi niliomba darasa la redio, kwa sababu kushona kunataka mtu akae, na mimi kukaa sikuwezi tangu utotoni. Hakuna aliyenionya kwamba redio inataka ukae zaidi. Nikapanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo, nikaanza kuzunguka kwenye maduka ya mafundi. Wengi walinicheka. Fundi Athmani hakunicheka, labda kwa kuwa wakati ule alikuwa ameuma koleo kwa meno.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Redio yako bado," akasema, koleo bado iko mdomoni.

"Sina redio. Nataka kazi."

Akaitoa koleo. Alikuwa mtu wa mji wa kale, mwembamba, kofia yake ya kufuma imeungua tundu pembeni, na hasira zake zilikuwa karibu sana na ulimi. "Wataka kazi ya kufagia, ama ya kuungua vidole?"

"Ya kuungua."

"Basi keti pale. Na usishike kitu."

Siku ile sikushika kitu kutwa nzima. Nimefanya kazi ngumu nyingi baadaye, lakini ile ndiyo iliyonichosha kuliko zote. Nilikalia mikono yangu nikamtazama akifungua monita.

Monita zilikuwa kitu kigeni wakati ule. Hoteli za pwani zilikuwa zimeanza kutia kompyuta mapokezi, za herufi za kijani, na upepo wa bahari ulikuwa ukizila ndani kwa ndani. Zikishakufa hotelini zinatupwa, na Fundi Athmani alikuwa na desturi ya kuzifuata kwa mkokoteni kabla mvua haijazifikia. Watu wa Barani waliona zinapita wakadhani ni televisheni. Kuna bwana mmoja aliyeng'ang'ania tumtilie moja antena aangalie mpira. Fundi akamwambia, "Hii mpira haiujui, yajua hesabu ya vyumba tu." Yule bwana aliondoka akiamini kwamba tumemnyima.

Sisi hatukuzitaka monita zenyewe. Tulitaka bodi zake. Malindi hakukuwa na duka la spea la kutegemea, na ukienda Mombasa unaambiwa subiri mzigo wa Nairobi, na mwenye redio yake anakuja kila asubuhi kukuuliza kama Nairobi imehama. Kwa hiyo bodi ya monita mbovu ndiyo ilikuwa duka letu. Humo mnatoka vipingamkondo, vile vijiti vya mistari ya rangi, mnatoka kapasita ambazo hazijavimba, mnatoka nyaya za shaba, na ukibahatika, inatoka ile transista kubwa yenye kofia ya chuma, ya miguu miwili, iliyofungwa kwa skrubu juu ya bati. Fundi akiipata moja nzima ilikuwa kama amepata mjukuu.

Kila monita iliyoingia aliiita marehemu. "Huyu ni marehemu," akanifundisha siku ya pili, "lakini bado aweza kukurusha mpaka ukutani." Akachukua bisibisi iliyofungwa waya, waya umeshikwa kwenye bati, akaipenyeza chini ya ule mpira ulio mgongoni mwa kioo. Ikalia pa! Nikaruka. Yeye hakujali. Umeme hukaa mle siku nyingi baada ya mashine kuzimwa, na mtu asiye na subira ndiye anayekutana nao. Alinitazama aliposema hivyo.

Mafundi wengine mjini walikuwa wakipukutisha. Unaiweka bodi nzima juu ya jiko la makaa, lehemu ikiyeyuka unaibamiza juu ya gunia, vitu vyote vinaanguka pamoja kama kunde. Kazi ya nusu siku inakwisha kabla chai haijachemka. Nilikuwa nikipita kwao nawaonea wivu. Nikamwambia Fundi tufanye hivyo.

"Wewe wapika ama wafanya kazi?" akaniuliza. "Ukishakichemsha kitu chote, utajuaje ni kipi kilichokufa tangu zamani na ni kipi ulichokiua wewe?"

Basi tulichomoa kimoja kimoja. Unapasha mguu, unafyonza lehemu kwa ule msuko wa shaba tulioutoa kwenye waya wa antena, unavuta taratibu, unapima kwa mita ya mshale, unakitia kwenye mkebe wake wa maziwa ya unga. Mguu mwingine. Mwingine tena. Nilikuwa nikitikisa goti chini ya meza mpaka mikebe inalia, na Fundi anainua macho, na natulia kidogo, kisha naanza tena. Nilichoka kukaa kiasi kwamba hata kwenda kuchota maji nilikimbia. Lakini nilijifunza. Nikawa natambua kwa harufu tu kipingamkondo kilichoungua na kile kilichochoka.

Sasa nifike kwenye mafuta. Chumvi ya Malindi haina adabu. Kitu ukikichomoa leo kinang'aa, baada ya muda miguu yake imeota kijani, na haishiki tena. Dawa ya Fundi Athmani ilikuwa mafuta ya nazi. Mama yake aliyapaka kwenye bawaba za milango, mikasi, cherehani na watoto, na hakuna kilichopata kutu. Basi kila transista iliyotoka salama aliichovya miguu kwa unyoya wa kuku uliolowa mafuta, kisha ndiyo ikaingia mkebeni. Mafundi wengine walimuiga. Mkebe ukifunguliwa, karakana inanukia kichwa cha bibi harusi. Mimi niliona ni akili kubwa, na mlango wa chumba changu nikaupaka pia.

Redio zingine zilikuwa zikirudi. Zinatoka zinaimba vizuri, baada ya siku chache mwenyewe anarudi nayo kwapani, imenyamaza. Fundi akasema ni panya. Akasema ni watoto. Safari moja alisema ni mke wa yule mtu. Tukagusagusa kwa chuma cha moto, redio ikaimba, tukasahau.

Kisha akaja Sista Veronika. Alikuwa mtawa, Mkamba wa Machakos, muuguzi wa zahanati ndogo ya wamisheni ndani ya Ganze, si mbali na nyumbani kwetu. Alibeba kisanduku cha bati, akakiweka mezani kwa nguvu.

"Hii kitu imekufa, Fundi. Radi ilipiga. Na bila hii, betri haipati chaji, na bila betri sina redio koli."

Redio koli, au simu ya upepo kama mama yangu alivyoiita, ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya zahanati ile. Ukitaka gari la hospitali kutoka Kilifi, unaliita kwa hiyo redio. Vinginevyo ni miguu, au baiskeli, au umsubiri mwenye lori la makaa apite siku anayotaka yeye.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Dama, mdogo wangu tumbo moja, alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na daktari wa Kilifi alimwambia waziwazi kwamba huyu wa pili asijaribu kumzalia nyumbani. Uchungu ukianza tu, aletwe hospitali. Aletwe na nini? Na gari. Gari liitwe na nini? Na kile kisanduku kilichokuwa mbele yetu kimefungwa kwa kamba ya katani.

"Dama amebakisha kiasi gani?" nikamuuliza Sista.

"Ungekuja umwone. Hata kuinama hawezi."

Fundi Athmani hakuniambia nikae. Alikifungua kisanduku mwenyewe, akaipima transista kubwa, mshale ukalala. Imekufa. Akaenda kwenye mikebe, akaitoa ile nzuri kuliko zote, ya monita tuliyoichomoa pamoja, miguu inang'aa kwa mafuta. Akaipangusa kwa kitambaa, akaifunga, akalehemu nyaya zake, akawasha. Ikafanya kazi. Tukaiacha inafanya kazi mpaka alasiri, taa ya majaribio haikutetereka. Akanipa kisanduku, akanipa na chuma cha lehemu cha zamani, kile cha shaba kinachopashwa kwenye makaa.

"Nenda ukafunge mwenyewe," akasema. "Hapa wanivunjia mikebe tu."

Barabara ya Ganze siku hizo sitaielezea; aliyeipita anaijua na asiyeipita hataniamini. Nilikipakata kile kisanduku kama mtoto, na bado kilinigonga magoti njia nzima. Zahanati tukawasha jenereta, nikafunga nyaya, Sista akaita Kilifi, Kilifi ikajibu. Nikalala nyumbani kwa mama, nikiwa nimepanga kurudi Malindi kesho yake.

Alfajiri mama akaniamsha. Dama alikuwa amekaa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa jirani wa kubebea maji. Sista Veronika alimtazama mara moja, akanigeukia. "Washa."

Nikawasha jenereta. Sista akashika kikuzasauti, akaita. Kimya. Taa ya redio ilikuwa inafifia na kurudi, inafifia na kurudi. Betri haikuwa imeshiba, na kisanduku changu kilikuwa hakitoi kitu.

Niliogopa. Nimesema mengi ya utani hapo juu, lakini hapo utani uliniisha. Nikafungua kifuniko. Kila kiungo kilionekana kizuri, lehemu imeng'aa, mviringo, hakuna ufa. Nikaushika mguu mmoja wa transista kwa koleo ili niutikise, na mguu ukazunguka ndani ya lehemu. Ulizunguka kama jino la mzee. Lehemu ilikuwa imeuzingira tu, haikuwa imeushika. Nikanusa vidole. Nazi.

Ndipo nikaelewa zile redio zote zilizorudi. Mafuta yalikuwa yamekaa juu ya ule mguu mkebeni mpaka yakawa utando, kitambaa hakikuyatoa, na lehemu ikakaa juu ya utando. Mezani inafanya kazi, kwa kuwa mezani hakuna barabara ya Ganze. Nilipomweleza Fundi Athmani baadaye alininunia juma zima, hakusema ndiyo wala siyo, kisha nikaona chupa ya mafuta imehama mezani, iko dirishani karibu na chanuo lake. Kwa hiyo ninyi mnaochomoa vitu kwenye bodi leo: mguu wa zamani ukwanguliwe kwa wembe mpaka uone chuma chenyewe, upanguswe kwa spiriti, ndipo ulehemu. Usitazame kung'aa.

Lakini asubuhi ile hakukuwa na nafasi ya kukwangua. Kuyawasha makaa, kukipasha chuma, vyote vinataka muda. Nikaubana ule mguu kwa koleo, nikaulalia kwa upande kwa nguvu zangu zote. Taa ya redio ikawaka.

"Ita!" nikamwambia Sista. "Ita sasa!"

"Kilifi, Kilifi, hapa Ganze, mnanipata?"

Kilifi ilitupata. Sista akaeleza. Sauti ya mwanamume ikasema gari lipo lakini dereva ametoka, wanamtafuta, tusizime, watatuambia. Tusizime! Nikasogeza mwili nipate kubana vizuri, na ubavu wa mkono wangu ukalala juu ya kofia ya transista. Kofia ile ikifanya kazi inachemka. Nikausogeza mkono, taa ikafifia. Nikaurudisha.

Dama alikuwa nyuma ya pazia, hatua chache tu kutoka kwangu.

"Kadzo! Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Njoo unishike mkono."

"Siwezi, Dama. Nimeshika redio."

Akahema mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ambayo naisikia hata sasa, "Hiyo redio ni nduguyo?"

Mama alikuwa naye, akimfuta jasho, lakini Dama aliniita mimi. Mimi ambaye maishani mwangu sikuwahi kukaa mahali pamoja, nilisimama pale nimejikunja juu ya sanduku la bati, siwezi kwenda hatua zile chache. Nililia bila kujifuta kwa sababu mkono wa kujifutia sikuwa nao. Sista alikuwa akienda kwake na kurudi kwenye redio, akienda na kurudi, na kila akirudi ananitazama mkono.

Sauti ikarudi. Dereva amepatikana, gari limeondoka. Sista akasema "Asante Mungu", nami nikaachia koleo, na vidole vikakataa kufunguka mpaka aliponifungulia yeye.

Nilikwenda kwa Dama. Alinigeuzia uso ukutani. Nikakaa naye hivyohivyo, nikamshika mguu, kwa kuwa mkono hakunipa. Gari lilipofika lilikuwa na nafasi ya msindikizaji mmoja, na mama akapanda. Mlango ukafungwa. Dama hakunitazama.

Nilibaki na Sista Veronika. Akanifunga mkono kitambaa cha dawa. Nikawasha makaa, nikakipasha chuma, nikaukwangua ule mguu kwa wembe wa zahanati, nikaupangusa spiriti, nikalehemu upya. Safari hii lehemu ilitambaa ikaushika kama inavyotakiwa, nikaupinda mguu huku na huku, haukucheza. Ningefurahi siku nyingine yoyote. Nikaketi mbele ya redio. Nikasimama. Nikazunguka chumba. Nikafagia zahanati yote, nikaosha sufuria zilizokuwa safi. Sista akaniambia, "Kadzo, unanipa kizunguzungu."

Saa za alasiri redio ikakwaruza.

"Ganze, Ganze, hapa Kilifi. Mwambieni yule dada yake, yule fundi, kwamba mgonjwa wake..."

Jenereta ikakohoa ikazima. Dizeli imekwisha.

Tuliangaliana. Betri yenyewe ilikuwa kuukuu, jenereta ikizima haikuwa na nguvu ya kujibu wala kupokea. Dizeli ya karibu ilikuwa kwa mwenye lori, na mwenye lori alikuwa hayupo. Mgonjwa wake nini? Mgonjwa wake amefanya nini? Sista akasema tungoje, kesho asubuhi mtu atakwenda kuitafuta dizeli. Sikumaliza kumsikiliza. Nilivaa viatu, nikaishika njia ya Kilifi kwa miguu.

Nilitembea nikimwomba Dama msamaha kwa sauti, na waliopishana nami wakiwa wametoka kuchota maji wakanipa njia. Niliwaza kwamba amekufa akiwa na hasira nami. Nikawaza kwamba amepona na hatasema nami tena, nikaliona hilo kuwa jema sana. Lori la makaa lilinichukua nikiwa nimeshaanza kuchechemea. Lori lenyewe likapata pancha, halina tairi ya akiba, tukalala njiani juu ya magunia. Niliingia hospitali asubuhi ya pili, mweusi kwa makaa kuanzia kichwani, kitambaa cha mkononi hakitambulikani. Muuguzi wa mlangoni alitaka kunizuia. Nikampita.

Dama alikuwa ameegemezwa mito, anakunywa uji. Pembeni yake, ndani ya leso ya mama, kulikuwa na kitu kidogo chenye nywele nyingi. Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka mpaka kwenye viatu, akapanda tena.

"Wewe umetoka wapi hivyo?"

"Ganze."

"Na si niliwaambia wakuambie kwa redio? Niliwaambia mwambieni sisi tu wazima, na asije kwa miguu, maana namjua."

Nikamwambia wamefika kwenye "mgonjwa wake", dizeli ikaisha.

Dama akaweka kikombe chini. Alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaushika mshono kwa mikono yote miwili, analia kwa maumivu na anacheka, na mtoto akaamka.